Habari ya Kasoro Isife Njiani

Mwezi wa Julai 2025, huko Mto Mkuju katika wilaya ya Namtumbo, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchenjua madini ya urani. Namtumbo imo mkoani Ruvuma, nasi tumo mkoani Njombe. Lakini mpaka wa mikoa hauzuii mambo kuvuka. Barabara itokayo Songea hupanda mpaka Njombe mjini, ikaendelea hadi Makambako, ambako hukutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na pia na reli ya TAZARA. Umeme wa gridi nao ulifika Songea mwaka 2018 kwa nyaya za kilovolti 220 zilizotandazwa kutoka Makambako. Basi machimbo hayo yakistawi, hatutashangaa kuwaona vijana wetu miongoni mwa waendao huko kutafuta kazi, na madereva wetu miongoni mwa wachukuzi.

Urani ndiyo iwashayo vinu vya umeme wa nyuklia. Nchi yetu haina kinu cha namna hiyo, lakini jirani zetu Kenya na Uganda wamekwisha tangaza mipango ya kuvijenga. Hatukusudii leo kuamua kama jambo hili ni jema au baya. Twataka kujifunza fundisho moja ambalo mataifa yaliyotangulia yamelinunua kwa bei kubwa. Mfanyakazi aonapo kasoro iwezayo kudhuru watu, habari yake yapasa imfikie nani? Na ikiwa haikufika, nani mwenye lawama?

Wengi hudhani kwamba misiba mikubwa ya mitambo hutokea kwa sababu ya kasoro isiyojulikana na mtu yeyote. Tukichunguza historia, twaona mara nyingi kinyume chake. Kasoro ilikwisha onekana, ikaandikwa, hata ikajadiliwa; lakini habari yake ilikwama mezani pa mtu, au ilifia njiani kabla ya kumfikia yule aliyeihitaji.

Vali moja, vituo viwili

Tarehe 24 Septemba 1977, katika kituo cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, Marekani, vali ya kupunguza kani ya mvuke ilifunguka, ikakataa kufungika. Maji ya kupozea kinu yakawa yanatoroka. Vipimo navyo vikawapotosha waendeshaji, wakadhani maji yamezidi, nao wakayakata maji ya akiba yaliyokuwa yakiingia kuokoa kinu. Kwa bahati kinu kilikuwa kikifanya kazi kwa nguvu ndogo tu, na baada ya dakika 20 hivi waligundua mahali pa kosa wakaziba njia. Hakuna aliyeumia.

Wahandisi wa kampuni iliyounda kinu kile, Babcock & Wilcox, walilichunguza jambo. Mwezi wa Februari 1978 mmoja wao aliandika kwa wakubwa wake akionya kwamba waendeshaji wa vituo vyote vya namna hiyo wapewe maagizo, wasikate maji ya akiba mapema. Barua ilizunguka ofisini. Mwaka ukapita, na maagizo hayakutumwa.

Tarehe 28 Machi 1979, saa 10 alfajiri, katika kituo cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, vali ya namna ile ile ilifunguka, ikakataa kufungika. Taa iliyokuwa mbele ya waendeshaji ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetolewa; haikuonyesha kwamba vali imetii. Nao wakapunguza maji ya akiba, kama walivyofanya wenzao wa Ohio. Lakini safari hii kinu kilikuwa karibu na nguvu zake zote. Karibu nusu ya kiini chake iliyeyuka. Tume iliyoongozwa na John Kemeny, iliyotoa ripoti yake Oktoba 1979, ilionyesha wazi kwamba onyo lilikuwapo, ila halikuwafikia waliolihitaji.

Tuangalie vema hapa. Yule mhandisi alitimiza wajibu wake: aliona, aliandika, alipeleka. Kosa halikuwa kwa mwenye kunena bali kwa wenye kupokea. Ndiyo maana twasema kwamba habari ya kasoro haijawa na faida mpaka imfikie yule ashikaye usukani.

Breki iliyoongeza mwendo

Mfano wa pili ni wa Chernobyl, nchini Ukraine, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Vinu vya aina iliyokuwa huko vilikuwa na fito za kuzuia. Fito zikishushwa ndani ya kinu, nguvu hupungua na kinu hutulia. Lakini ncha za fito hizo ziliambatana na grafiti, na kwa hiyo, zikianza kushuka kutoka juu kabisa, ziliweza kuongeza nguvu kwa muda mfupi kabla ya kuipunguza. Wale waliosafiri kwenda Dar es Salaam wakashuka mlima Kitonga watatuelewa upesi. Ni kama lori ambalo dereva akanyagapo breki, kwanza laongeza mwendo, ndipo lianze kushika.

Kasoro hii ilionekana mwaka 1983, wakati wa majaribio ya kinu kipya cha Ignalina, huko Lithuania. Wasanifu waliviandikia vituo vingine kwamba marekebisho yatafanywa. Hayakufanywa kwa wakati, wala watu wa zamu hawakuelezwa uzito wa jambo lenyewe. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, waendeshaji wa Chernobyl, baada ya jaribio lililokwenda kombo, walibonyeza kitufe cha kusimamisha kinu. Kinu kikalipuka.

Hatusemi kwamba waendeshaji wale hawakuwa na kosa, kwa maana walikwisha vunja taratibu kadhaa usiku ule. Lakini mwanzoni walitwikwa karibu lawama yote. Ilipofika mwaka 1992, kamati ya wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki iliirekebisha hukumu ile, ikaonyesha ubovu wa usanifu na kukosekana kwa desturi ya usalama. Hii ndiyo dhuluma ya kasoro iliyofichwa: ajali itokeapo, mdogo aliyenyimwa habari ndiye huhukumiwa kwanza.

Hata baada ya mlipuko, habari ilizidi kufichwa. Asubuhi ya tarehe 28 Aprili, katika kituo cha Forsmark nchini Sweden, mbali kupita kilometa 1,000, kipimo cha mionzi kililia kwa sababu ya viatu vya mfanyakazi mmoja. Wasweden walidhani mtambo wao ndio unaovuja. Jioni ya siku ile Moscow ikatangaza. Ni ajabu kwamba ulimwengu uliarifiwa na viatu kabla ya kuarifiwa na serikali! Mwezi wa Septemba mwaka ule ule mataifa yalikubaliana mkataba wa kuarifiana mapema ajali za nyuklia zitokeapo.

Jina la mtoa habari

Mfano wa tatu ni wa Japani, nao wafundisha kwa nini watu hunyamaza. Kei Sugaoka, mkaguzi aliyefanya kazi katika kampuni ya General Electric, alikuta nyufa katika kifaa cha kukaushia mvuke kwenye kinu namba 1 cha Fukushima Daiichi mwaka 1989. Kumbukumbu za ukaguzi zikapotoshwa. Mwaka 2000 aliiandikia serikali ya Japani akaeleza aliyoyaona. Badala ya kumlinda, idara iliyopewa kazi ya kusimamia usalama ililitoa jina lake kwa kampuni ya TEPCO, yaani kampuni ile ile iliyokuwa ikishtakiwa. Miaka miwili ikapita kabla ya mambo kutangazwa, Agosti 2002. Mwenyekiti na rais wa TEPCO walijiuzulu, na kufikia Aprili 2003 vinu vyote 17 vya kampuni hiyo vilikuwa vimesimamishwa vikaguliwe.

Je, desturi ilibadilika? Mwaka 2008 wataalamu wa kampuni hiyo hiyo walifanya hesabu wakaona kwamba mawimbi ya tsunami yaweza kufikia urefu wa meta 15.7 hapo Fukushima Daiichi. Hesabu hiyo ilipelekwa kwa idara ya usalama tarehe 7 Machi 2011. Siku 4 baadaye, tarehe 11 Machi, tetemeko na mawimbi yalikuja, maji yakapita ukuta, vinu 3 vikayeyuka. Tume ya bunge la Japani ilisema mwaka 2012 kwamba msiba ule ulikuwa wa kutengenezwa na binadamu. Nyufa za mwaka 1989 hazikuleta msiba wa 2011, tusichanganye mambo. Kilichounganisha mambo haya mawili ni mazoea ya kuiweka habari mbaya kando hadi wakati ufaao. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sheria zasemaje

Wamarekani, kwa sheria yao ya mwaka 1974 na kanuni zilizofuata mwaka 1977, waliweka agizo linalostahili kujulikana. Mkurugenzi au ofisa mwenye dhamana katika kampuni ijengayo, iendeshayo au iuzayo vifaa vya vituo vya nyuklia, akipata habari ya kasoro yenye hatari kubwa, lazima aiarifu tume ya serikali. Akisha pata habari hiyo hupewa siku 2 kutoa taarifa ya kwanza, na siku 30 kuleta maelezo kwa maandishi. Na agizo hili halimhusu mwenye kituo peke yake. Muuza vali amefungwa nalo vilevile. Tena agizo lenyewe lazima libandikwe mahali pa kazi, kila mfanyakazi alisome.

Hata hivyo sheria peke yake haitoshi. Mwaka 2002, katika kituo kile kile cha Davis-Besse cha Ohio, ilionekana kwamba asidi imekula chuma nene cha kifuniko cha kinu, na mahali pamoja kimebaki kigamba kisichofika sentimeta 1 kuzuia kani yote ya ndani. Dalili za kutu zilikwisha onekana kabla, na taarifa zilizopelekwa serikalini hazikuwa za kweli. Mwaka 2006 kampuni yenye kituo ilikubali kulipa dola milioni 28.

Nchi yetu nayo si tupu. Sheria ya Nguvu za Atomiki, Namba 7 ya mwaka 2003, iliunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo husimamia matumizi ya mionzi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka huo huo, yamtaka mfanyakazi aonaye hali ya hatari kumwarifu mwajiri wake au mwakilishi wa usalama. Na mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Sheria hii yamlinda mtu atoaye taarifa kwa mamlaka husika kwa nia njema, akiwa na sababu ya kuamini kwamba sheria imevunjwa, au afya na usalama wa watu umo hatarini, au mazingira yanaharibiwa. Asemaye uongo kwa kujua hana kinga.

Mambo haya na sisi

Huenda msomaji wa Makambako akasema: vinu viko mbali, yanihusu nini? Twamjibu kwamba mionzi haiko mbali. Imo katika kila chumba cha eksirei cha hospitali zetu. Wale watumishi wavaao beji ndogo kifuani hawakuivaa kwa pambo. Beji hupima mionzi inayowapata. Mlango wa chumba hicho usipofungika vema, au beji zisipopelekwa kupimwa, hiyo ni kasoro, na mwenye kuiona wa kwanza ni mtumishi, wala si mkurugenzi.

Twende mbele zaidi. Mkoa wetu wajulikana kwa nguzo za umeme na mbao. Nguzo iliyooza chini huonekana kwanza na mtoto apitaye kwenda shule. Msumeno uliovunjika kinga yake huonekana kwanza na kijana aulishaye magogo. Breki zilizochoka huhisiwa kwanza na utingo na dereva. Daima aliye chini ndiye aonaye mapema. Na daima aliye juu ndiye mwenye uwezo wa kusimamisha kazi. Kati ya hawa wawili kuna njia, na njia hiyo ndiyo twaizungumzia.

Tukumbuke pia msiba wa kivuko MV Nyerere. Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko kile kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kilijengwa kichukue watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228, na waliookolewa 41. Hapo hakukuwa na siri ya kitaalamu. Kila aliyekuwa gatini aliweza kuona kwamba watu wamezidi. Lakini kuona kwa wengi hakukupata sauti moja yenye mamlaka ya kusema: chombo hakiondoki.

Kuchongea si kutoa taarifa

Sasa tuguse kidonda chenyewe. Kwetu mtu asemaye kasoro ya kazini huitwa mchongezi, mmbea, mtu wa kujipendekeza. Yafaa tutenganishe mambo haya, kwani yanatofautiana kabisa. Mchongezi hunena juu ya mtu, kwa siri, ili mtu yule aanguke. Mtoa taarifa hunena juu ya jambo, kwa yule awezaye kulitengeneza, ili watu wasianguke. Mchongezi hufurahi kasoro ikidumu, maana ndiyo silaha yake. Mtoa taarifa hufurahi ikiondolewa, hata kama jina lake halitatajwa kamwe.

Lakini tusimtwike mdogo mzigo usio wake. Kibarua mwenye watoto wanne na kodi ya chumba, akijua kwamba akisema leo kesho hataitwa kazini, yumo katika jaribu kubwa. Kumwambia tu "uwe jasiri" ni rahisi kwetu tulioketi mezani. Kwa hiyo twasema waziwazi: wajibu wa kunena ni wa wote, lakini wajibu wa kuifanya njia ya kunena iwe salama ni wa wakubwa. Msimamizi afokaye aletewapo habari mbaya hatazipata tena habari mbaya, atapata ajali.

Namna ya kutoa taarifa

Kwanza, andika ulichokiona, si ulichokisikia wala ulichokidhani. Taja siku, saa, mahali na kifaa. "Nguzo ya tatu kutoka darajani imeoza chini, yatikisika kwa mkono" ni taarifa. "Watu wa umeme hawajali" ni lawama, wala fundi hawezi kuitengeneza.

Pili, mpelekee aliye karibu mwenye uwezo: msimamizi wako au mwakilishi wa usalama. Ubaki na nakala. Uliza kwa adabu jibu litatoka lini, na siku hiyo ikifika, urudi. Barua ya yule mhandisi wa mwaka 1978 ilikosa jambo hili hasa: haikupata mtu wa kulazimishwa kuijibu.

Tatu, hatari ikiwa ya mara moja, usingoje barua. Simamisha kazi, waondoe watu, ndipo uandike.

Nne, usipojibiwa, panda ngazi. Mambo ya mahali pa kazi yako chini ya OSHA. Ya mionzi, Tume ya Nguvu za Atomiki. Ya umeme na mafuta, EWURA. Ya mabasi, malori na reli, LATRA. Ya vyombo vya majini, TASAC. Huko ndiko kunakofaa kuliko kunung'unika kilabuni.

Tano, nawe upokeaye taarifa, iwe wewe ni meneja wa kiwanda, mganga mkuu au mwenyekiti wa kijiji: mshukuru aliyeleta, andika katika daftari, mpe jibu, na jina lake lilinde. Ukiona haikuwa kasoro, mweleze kwa nini. Habari kumi za bure ni nafuu kuliko moja iliyonyamaziwa.

Vijana wetu watakaokwenda Namtumbo, au popote penye mitambo mikubwa, hawatajifunza tabia hii siku ya kwanza kazini. Wataibeba kutoka hapa: kutoka karakana ya Makambako ambako fundi mwanafunzi aliruhusiwa kusema "bwana mkubwa, nati hii imelegea" asipigwe kofi, kutoka shule ya Njombe ambako mtoto aliyeripoti ufa wa ukuta hakuchekwa. Huu ndio msingi ambao twaweza kuujenga sasa, kabla ya mashine kubwa kufika, wala hauhitaji fedha za kigeni. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba hauzibwi ufa usiotajwa. Basi atakayeuona autaje, na atakayeambiwa asikae na habari ile, bali ainuke akautazame kwa macho yake.